Kutoka Bukavu hadi ufuko wa Gisenyi: safari ya familia, Julai 2018

Ijumaa, 13 Julai: Bukavu hadi Goma kwa meli

Shule zilipofungwa, tuliwaahidi watoto siku nzima ya kucheza majini, na ahadi hiyo ndiyo iliyotuvusha ziwa kutoka mwisho wa kusini hadi mwisho wa kaskazini. Msomaji asiyeijua Bukavu, mji wetu wa Kongo, anaweza kushangaa: familia inayoishi mtaa wa Kadutu, inayoliona Ziwa Kivu kila asubuhi ikifungua mlango, inasafiri umbali wote huo ili watoto waguse maji? Ndivyo ilivyo. Kwetu ziwa tunaliona lakini hatulifikii. Ukishuka Muhumba au ukielekea ncha ya La Botte unakutana na kuta za viwanja vya watu, nyumba zilizojengwa hadi maji yanapoanzia, na hoteli ambazo bei ya soda moja ndani yake inatosha kununua chakula cha jioni cha nyumba nzima. Sehemu chache zilizobaki wazi zimekuwa gati za mitumbwi ya mizigo au jalala. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi, anakumbuka alivyokuwa akishuka ziwani na wenzake, akiwa msichana, kufua nguo na kuoga bila kumwomba mtu ruhusa. Aliposikia tunakwenda Gisenyi, mji wa Rwanda uliogusana na Goma ya Kongo na ambao ufuko wake uko wazi kwa kila mtu, alisema na yeye yumo.

Tulikuwa sita: Bibi, mume wangu, mimi, kijana wetu wa miaka kumi na miwili, binti wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka minne. Tulichagua meli ya mchana badala ya boti za kasi, kwa sababu nauli ya boti hizo kwa watu sita ingemeza fedha zote za safari. Katika daraja la kawaida la meli tulilipa dola 10 kwa kila mtu mzima na dola 5 kwa kila mmoja wa watoto wawili wakubwa; mdogo alipakatwa. Meli ilitangazwa kuondoka saa moja na nusu asubuhi, lakini ilikaribia saa tatu ndipo kamba zikafunguliwa, kwa sababu magunia na magodoro yalikuwa bado yanapakiwa. Kila abiria aliandikwa jina kabla ya kupanda, jambo ambalo watu kadhaa kwenye foleni walilinung'unikia. Mimi silinung'unikii. Ajali za ziwa hili, hasa za mitumbwi iliyojazwa kupita kiasi, zimeacha misiba katika familia nyingi za huku, na mara nyingine ndugu hukosa hata orodha ya kuwaonyesha nani alikuwamo.

Atakayesafiri na watoto kwa meli afanye mambo mawili. Aulize jile za kuokolea maisha ziko wapi kabla meli haijaondoka, na azijaribu zile za watoto, kwa maana nyingi ni za watu wazima na mtoto huteleza ndani yake. Kisha atafute nafasi upande wa kivuli, kwa kuwa baada ya saa nne jua hugeuza chuma cha meli kuwa jiko.

Kisiwa cha Idjwi kilitusindikiza kwa muda mrefu upande wa kulia, na mashamba yake ya migomba yakishuka hadi majini. Mume wangu alimweleza kijana kwamba kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe ya Ziwa Viktoria tu inayotajwa kukizidi Idjwi kwa ukubwa. Tulipita karibu na wavuvi waliokuwa wamechelewa kurudi, mitumbwi yao mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma, nyavu zikining'inia zikikaushwa. Usiku huwasha taa ili sambaza, wale samaki wadogo, wapande juu kuufuata mwanga. Bibi aliwaambia watoto jambo ambalo hawakuwahi kulisikia: kwamba samaki hao, ambao kwetu ni chakula cha kila siku, si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye akiwa bado mtoto mdogo.

Alasiri upepo ulianza, na eneo pana la kaskazini likatutikisa. Binti yetu alitapika. Mama mmoja aliyekuwa ameketi mkabala nasi, ambaye hatukuwa tumesalimiana naye hata kidogo, aliinuka, akamkalisha mtoto pale alipokuwa ameketi yeye karibu na hewa, akatoa limau kwenye mkoba wake na kulikata kwa meno. "Anuse hii, mama, asiangalie maji, aangalie mulima." Mtoto alitulia. Mama yule alisimama hadi tulipofika Goma, akakataa kabisa kurudishiwa kiti chake.

Tuliteremka bandarini karibu saa kumi. Mdogo wangu anayeishi Katindo alikuwa akitungoja na pikipiki mbili.

Jumamosi, 14 Julai: Goma

Siku hii tuliiacha kwa ajili ya Bibi kupumzika na kwa ajili ya maandalizi, kwa hiyo sina mengi ya kuieleza. Watoto walitembezwa hadi sanamu ya chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali linalobeba viazi na mkaa wa Kivu ya Kaskazini, wakapiga picha. Kijana alishika kwa mkono ukuta wa mawe meusi wa nyumba ya mama yake mdogo na kuuliza yanachimbwa wapi; aliambiwa kwamba hayakuchimbwa mbali, yalishuka yenyewe kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipokata mji katikati na kufika ziwani. Jioni mlima huo ulionyesha wekundu wake juu ya mawingu, na kitinda mimba alikataa kulala upande wa dirisha.

Maandalizi yenyewe yanafaa kuelezwa. Vibali vya kuvuka vya CEPGL, ile jumuiya ya nchi zetu tatu za Maziwa Makuu iliyoundwa mwaka 1976 hapo hapo Gisenyi, tulikuwa tumevichukua Bukavu, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tulivunja dola Goma, tukapata karibu faranga 850 za Rwanda kwa dola moja. Na mdogo wangu, anayevuka mara kwa mara, alihakikisha kwamba hakuna mfuko hata mmoja wa plastiki katika mizigo yetu, kwa sababu Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008 na hukaguliwa mpakani. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliwekwa kwenye sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa, mandazi yakafungwa ndani ya kitenge, na samaki wa kukaanga katika kikapu chenye majani ya ndizi.

Jumapili, 15 Julai: Gisenyi

Tuliamka kabla ya alfajiri, na saa moja kasorobo tulikuwa kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Mpaka wa magari, Grande Barrière, uko karibu zaidi na ziwa, lakini watu wengi wa Goma wanaotembea kwa miguu huvukia huku, Birere, mahali ambapo nyumba za miji miwili zinakaribiana hivi kwamba mgeni hajui nchi moja inaishia wapi. Hata siku ya Jumapili umati ulikuwa mkubwa. Walemavu wanaofanya kazi ya uchukuzi walipita na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopakiwa magunia hadi kumficha mwenye kuziendesha. Vijana wawili wanasukuma kwa nyuma, yeye anazungusha mikono mbele na kuita watu wampishe. Binti yetu aliwatazama kwa makini na kutaka kujua wanalipwa kiasi gani.

Foleni ilikuwa ndefu, na Bibi alikwisha kuanza kuegemea bega langu. Mwanamke mmoja mwenye bunda la vitenge kichwani aligeuka, akamwona, akawapaazia sauti waliokuwa mbele: "Bibi hawezi kusimama hapa, mumupishe!" Watu walipisha. Sisi sote tulivutwa nyuma ya Bibi mpaka dirishani, na yule mwanamke akarudi mahali pake bila kungoja shukrani. Nilimpigia kelele "aksanti" juu ya vichwa vya watu, naye akapunga mkono.

Upande wa Rwanda, mkaguzi alifungua kikapu chetu, akanusa sombe, akacheka na kukifunga. Kijana aliyekuwa mbele yetu hakuwa na bahati hiyo: mikate yake ilitolewa kwenye mifuko, akabaki ameikumbatia kifuani. Binti yangu aliona ni ukatili. Nilimkumbusha mabwawa ya umeme ya Ruzizi, kwetu, ambako takataka za plastiki zinazotoka mitaani na kuingia ziwani huishia kuziba mitambo, nasi tukakaa gizani. Alinyamaza akiwaza, kisha akauliza kwa nini basi sisi tunaitupa. Niliona aibu kwa ajili ya mji wetu.

Pikipiki za Rwanda hubeba abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia ngumu, kwa hiyo anayetoka Goma akiwa amezoea kupanda watatu kwenye moja ajue kwamba gharama itamzidi. Tulimpandisha Bibi na mume wangu, kila mmoja yake, na mimi na watoto tukatembea. Ni mwendo mfupi na barabara ni safi. Karibu na maji unaingia katika barabara ya ufukweni yenye mitende na majumba ya zamani yenye bustani, kisha miti inafunguka na mchanga uko mbele yako.

Hakuna lango wala ukuta, na hakuna mtu anayekuuliza unakwenda wapi. Hoteli kubwa zipo, moja baada ya nyingine, lakini kati yake na maji umebaki ukanda mrefu wa majani na mchanga ambao mwenye nacho na asiye nacho wanautandikia mkeka sawasawa. Nimeandika makala hii hasa kwa ajili ya jambo hili. Saa mbili asubuhi palikuwa na vijana wachache wakikimbia mazoezi. Baada ya misa zilijaa familia zenye watoto waliovaa nguo za kanisani, wanafunzi waliokuja kwa mabasi, wageni kutoka Kigali, na Wakongo wengi kama sisi. Kufikia saa sita ilikuwa vigumu kupata kivuli. Anayetaka kuketi chini ya mti afike kabla ya saa tatu.

Kitinda mimba alisimama ukingoni mwa mchanga na kukataa kuukanyaga. Alichuchumaa, akachota kidogo, akaufinya, akafungua kiganja na kuutazama ukimwagika katikati ya vidole. Akachota tena. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka pamoja kwa utaratibu kama anavyofundishwa nyumbani, akaenda moja kwa moja hadi majini na nguo zake zote, mimi nikimfuata nyuma. Maji hayakuwa baridi. Baadaye alibeba maji kwa kikombe cha plastiki ngumu, safari baada ya safari, na kuyamwaga juu ya miguu ya Bibi, ambaye alikuwa ameketi kwenye kitenge chake huku amekunja sketi hadi magotini, na kila mara Bibi alimwambia, "Bado, leta ingine."

Kijana wetu hajui kuogelea, na hilo halishangazi kwa mtoto wa Kadutu. Mvulana wa Gisenyi, mwanafunzi wa sekondari kwa maelezo yake, alimwona akirukaruka kwenye maji ya kiunoni, akamkaribia mume wangu kwanza kuomba ruhusa, ndipo akaanza kumfundisha kulala juu ya maji. Alimshika kwa kiganja kimoja chini ya mgongo, akimwambia aangalie mbingu na ajaze kifua. Walizungumza Kiswahili muda wote. Katika mji huu wa mpakani hata watoto wanakielewa, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda pia. Baada ya kama nusu saa aliondoa kiganja bila kusema neno, na mtoto akabaki akielea. Tulitaka kumpa faranga 1,000, alikubali andazi.

Alituachia onyo ambalo nalirudia kwa wazazi wote: watoto wasipite mahali ambapo maji yanabadilika rangi na kuwa ya buluu nzito. Kivu si ziwa la ufuko mrefu wenye kina kifupi. Sakafu yake huanguka ghafla, na katikati inakaribia mita 480. Mamba hakuna, hilo ni kweli, lakini kina kinatosha kuwa hatari. Vilevile, upande wa Goma na Sake, kuna sehemu za chini ambako hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia, ile inayoitwa mazuku, na imewahi kuua watu na mifugo. Basi ogeleeni pale tu mnapoona wenyeji wanaogelea, na msiwaache watoto wachezee mashimo na mabonde ya ukingoni.

Chakula chetu tulikila saa sita, tukawakaribisha majirani wa mkekani, mume na mke kutoka Nyundo, ambao walitupa mahindi ya kuchoma na parachichi. Bibi na mama yule waligundua kwamba wote wawili wana mahari ya wajukuu ya kujadili mwaka huo, na hawakunyamaza tena. Mume wangu aliwatamanisha watoto mishikaki ya mbuzi, kwa hiyo tuliagiza katika mgahawa mmoja wa karibu: mishikaki sita kwa faranga 1,000 kila mmoja, na sahani ya mizuzu kwa 1,500. Ilichukua saa moja na nusu kufika. Ilikuwa tamu, nyama laini na pilipili ya kuwasha kweli, lakini mwenye watoto wenye njaa asitegemee kuagiza papo hapo. Aagize, kisha arudi kuogelea. Mayai ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, yaliyouzwa na vijana waliopita na ndoo, yalikuwa faranga 100 na hayakukawia. Choo cha kulipia kilikuwa faranga 100 pia na kilikuwa kisafi, ila foleni yake saa nane ilinikumbusha mpakani.

Mpira wa tairi wa kuelea tuliukodi kwa faranga 500 kwa saa. Mpiga picha mmoja alitupiga sote sita majini, Bibi akiwa katikati, akaturudishia picha iliyochapwa kabla hatujaondoka. Ndiyo picha pekee ambayo Bibi ameionyesha kila jirani tangu turudi.

Saa tisa na nusu ufuko ulianza kupungua watu, nasi tukafungasha. Ilikuwa siku ya fainali ya Kombe la Dunia, na kila baa ya barabarani ilikuwa imetoa runinga nje. Isitoshe, mdogo wangu alikuwa ametuonya tusingoje jioni, kwa sababu saa za kufunga Petite Barrière hubadilika kufuata hali ya usalama, na familia yenye mtoto aliyelala mgongoni haina sababu ya kujaribu bahati. Mpakani hapakuwa na foleni. Saa kumi na moja tulikuwa Katindo, mbele ya runinga ya jirani, katika chumba chenye watu wengi kuliko viti. Karibu wote walishangilia Ufaransa, kwa sababu Kimpembe na Nzonzi wana baba Wakongo na Mandanda alizaliwa Kinshasa, na ilipomalizika 4 kwa 2 dhidi ya Croatia, Goma ilipiga honi hadi usiku. Watoto wetu hawakusikia kitu. Walikuwa wamelala na mchanga masikioni.

Jumatatu, 16 Julai: kurudi

Meli ya kurudi iliondoka kwa wakati na ziwa lilikuwa tulivu. Gharama zetu zilikuwa hivi: dola 80 za meli kwenda na kurudi, dola 25 hivi zilizotumika Gisenyi, na dola 10 za pikipiki katika miji yote miwili, vibali tulilipia kabla, na malazi yalikuwa kwa ndugu. Wasio na ndugu Goma wanaweza kufikiria barabara ya upande wa Rwanda, wakivuka Ruzizi hadi Kamembe na kupita Karongi. Ni lami, ingawa kona zake ni nyingi na mtoto anayetapika melini atatapika huko pia.

Tulipoikaribia Bukavu, kijana wetu alisimama ukingoni na kuanza kuhesabu mahali ambapo mtu angeweza kushuka majini bila kupita kiwanjani mwa mtu. Abiria wengine walijiunga. Fundi mujenzi mmoja wa makamo alitaja vichochoro vilivyokuwapo zamani, vilivyomezwa na kuta. Mwanamke muuza samaki akataja kipande kimoja karibu na gati la mizigo ambacho bado ki wazi, kichafu lakini wazi, na akasema kwamba wakikisafisha watu wa mtaa wenyewe hakuna atakayewafukuza. Bibi alimuuliza ni wapi hasa, akamfanya aeleze mara mbili.

Mume wangu na mimi tulikwenda kukiangalia Jumamosi iliyofuata. Kina takataka nyingi na mteremko si mkali. Kwa mtoto wa miaka minne maji ya mwanzo yanafika magotini. Mkutano wa wazazi wa shule yetu ulikuwa umepangwa mwezi wa tisa mwaka huo, shule zikifunguliwa, na nilikwisha kumwomba mkuu wa shule aliweke jambo hili katika ajenda.